Chungu Kilichochorwa Gizani

Kuna picha moja ambayo kila anayepiga picha za mafundi hukutana nayo mapema, na wengi wetu huieleza vibaya. Mzee mwenye upara yuko gizani, macho yake makubwa yamekazwa kwenye lenzi. Mbele yake, hewani, kumechorwa kiumbe nusu mtu nusu farasi kwa mstari mweupe, kama waya uliotolewa motoni. Mzee ni Pablo Picasso. Mahali ni Madoura, karakana ya vyombo vya udongo ya Suzanne na Georges Ramié, mjini Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Mwaka ni 1949, na mwenye kamera ni Gjon Mili wa jarida la LIFE la Marekani.

Ukiuliza ilipigwaje, utajibiwa upesi: "Alishika taa, kamera ikaachwa wazi." Jibu hilo ni nusu. Kamera ikiachwa wazi gizani mbele ya mtu anayechezesha taa, mstari utaupata, lakini mtu humpati. Utapata moshi wa mtu: shati lililosambaa, uso usio na pua. Picha ya Mili ina mtu anayetambulika mara moja, anakutazama. Kwa hiyo ndani ya fremu moja mmeingia nyakati mbili: mmoja mrefu wa kuchora, mwingine mfupi mno wa kumnasa mchoraji. Namna zilivyokaa pamoja bila mmoja kuuharibu mwingine ndiyo kazi ya uchambuzi huu. Nitasimulia pia nilivyojaribu jambo lile lile kwa mfinyanzi wa Ziwa Nyasa, na jinsi nilivyoumbuka.

Mili hakuanza na kamera. Alizaliwa Korçë, Albania, mwaka 1904, akahamia Marekani 1923, akasomea uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, kisha akaajiriwa Westinghouse. Baadaye akashirikiana na Harold Edgerton, yule profesa wa MIT aliyebuni flashi za kielektroniki zinazowaka na kuzima kabla jicho halijajua lifanye nini. Mtu wa aina hiyo akiingia karakana ya msanii, nadhani, kabla hajaona sura huwa ameshahesabu taa: ipi inawaka daima, ipi itawaka mara moja, ipi izimwe kabisa.

Vallauris ulikuwa mji wa vyungu vya kupikia muda mrefu kabla Picasso hajafika. Yeye alipita Madoura mwaka 1946, akarudi 1947, akashikwa na udongo. Mili alipomfuata hapo 1949 alikuja na picha mkobani: wacheza barafu waliofungwa vitaa kwenye viatu vyao, wakiruka gizani na kuacha nyuma yao nyuzi za mwanga. Kwa simulizi ya LIFE, Picasso alimpa dakika 15 za jaribio moja tu. Akanogewa. Zikawa vikao vitano na michoro 30 hivi: mafahali, nyuso za Kigiriki, viumbe nusu farasi, na sahihi yake. Mwaka 1950 picha zikatoka jaridani na zikaonyeshwa kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Mbinu yenyewe haikuwa mpya. Msanii Man Ray alishajichorea kwa mwanga mwaka 1935. Na kabla yake Frank na Lillian Gilbreth, wataalamu wa mambo ya viwanda, walikuwa wakiwafunga wafanyakazi vitaa mikononi ili kamera ionyeshe mkono unapoteza muda wapi. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoitazama picha ya Picasso. Chombo cha kumbana kibarua, akikishika mtu asiye na msimamizi, kinatoa farasi.

Mili alikuwa na kamera mbili, moja mbele na moja ubavuni, na hii ya ubavuni husahaulika. Ukichora hewani huna karatasi ya kukuzuia: mkono unasogea mbele na kurudi nyuma bila wewe kujua. Kutoka mbele unaona fahali. Kutoka ubavuni, mkono ule ule kwa muda ule ule umetoa zogo la waya. Huo ni mchoro wenye kina, na mtu anayekaa na udongo kutwa hilo analielewa haraka kuliko mchoraji wa karatasi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo majaribio ya wengi huvunjikia.

Mstari una hesabu yake. Tunadhani shata ikiachwa wazi muda mrefu mstari utang'aa zaidi. Haung'ai. Kila nukta ya mstari hupata mwanga kwa ule muda mfupi tu taa ilipopita hapo, basi. Shata ikae wazi sekunde 5 au 50, nukta ile haiongezewi kitu. Kinachoinenepesha au kuikondesha ni tundu la lenzi, wepesi wa filamu au kihisio, ukali wa taa na kasi ya mkono. Mkono ukikawia, mstari unavimba. Ukikimbia, unakuwa uzi. Ndiyo maana mchoro wa mwanga huwa na vinundu kwenye kona: pale mkono ulisita ukigeuza njia. Ukiangalia vinundu utajua mchoraji alifikiri wapi.

Giza nalo lina hesabu, na hii ndiyo yenye ukatili. Mwanga wowote uliobaki chumbani, upenyo chini ya mlango, nyota za dirishani, kaa la sigara, hujumlishwa sekunde kwa sekunde. Ambacho jicho lako linakiita giza totoro, kamera baada ya nusu dakika inakiita jioni. Na mwanga hujumlishwa tu. Hakuna wa kuufuta.

Flashi haijali kabisa shata imekaa wazi muda gani, kwa sababu yenyewe huwaka kwa kipande kidogo sana cha sekunde na kuzima. Inajali tundu la lenzi, wepesi wa filamu, na umbali: ukiisogeza mara mbili mbali zaidi, mwanga unaomfikia fundi unabaki robo. Hiyo flashi ndiyo iliyotupa Picasso. Chumba kikiwa na giza la kutosha, yeye yupo kwenye filamu kwa muda ule tu flashi ilipowaka. Sekunde zingine zote alizunguka, akainama, akanyoosha mkono, na filamu haikumwona.

Unaweza kuona mtego ulipo. Tundu la lenzi linaugusa mstari na flashi kwa pamoja. Ukilifungua ili mstari ung'ae, flashi inamchoma fundi anakuwa mweupe kama chokaa. Ukilibana ili fundi akae vizuri, mstari unakonda. Kwa hiyo kuna utaratibu, na mimi sijaona njia ya kuuruka: kwanza tundu, kwa kufuata mstari peke yake; kisha nguvu au umbali wa flashi, kwa kufuata mtu; mwisho muda wa shata, kwa kufuata mchoro unachukua sekunde ngapi, huku giza likikuwekea mpaka. Flashi iwekwe pembeni, isiupige ukuta wa nyuma, kwa sababu mstari mweupe ukipita juu ya ukuta mweupe umepotea.

Nilikwenda na hesabu hizo Ikombe, kijiji cha Wakisi chini ya Milima ya Livingstone, mwendo mfupi wa mtumbwi kutoka Matema, wilayani Kyela. Wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi, na vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa soko la Matema siku ya Jumamosi. Studio ya mama niliyemwendea ni uwanja chini ya mwembe, na nyuma kibanda cha nyasi cha kuanikia vyungu visipasuke kwa jua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha gogo la kukalia, akaendelea na kazi. Asubuhi ile sikutoa kamera hadi chungu cha pili.

Mlima pale uko mashariki, kwa hiyo jua huchelewa kuukwea, na kwa saa kadhaa uwanja mzima unapata mwanga wa anga tu, usio na kivuli kikali. Udongo mbichi unaupenda mwanga huo. Unyevu wake unaonekana kama hariri, na kila alama ya kidole imekaa. Jua likishatokeza, kila kilicholowa kinameta na kila kilichokauka kinapauka, na uso wa mama chini ya mwembe unajaa mabaka kama ngozi ya chui. Ukifika kwa mfinyanzi saa sita mchana, kunywa maji upumzike.

Chungu hukalia kigae kilichopinda, kipande cha chungu kilichovunjika zamani. Mkono wa kushoto unakizungusha, wa kulia umeshika gunzi la hindi na kukwangua ukuta kuelekea juu. Niliweka shata kwenye 1/15 ya sekunde, stendi chini, nikitegemea chungu kitoke na ukungu na mikono itulie nusunusu. Picha zikaja kinyume. Chungu kilikuwa kimetulia tuli, kana kwamba hakijaguswa! Ilinichukua muda kuelewa. Kitu cha duara kinapozunguka pale pale, umbo lake la pembeni halibadiliki. Kamera haina cha kuona. Kilichobadilika ni mikwaruzo ya gunzi, iliyokuwa vinukta na sasa imekuwa mistari laini ya mlalo. Mkono wa kulia nao ulikuwa umetulia, kwa sababu ndiyo kazi yake: kutulia wakati chungu kinapita chini yake. Kilichofifia ni mkono wa kushoto tu, ule ambao mtazamaji hadhani una maana. Picha ikawa imesema ukweli wa kazi ile kuliko nilivyokusudia: anayefinyanga ni mkono uliosimama, na anayehangaika ni wa pili.

Ukungu wa mkono una historia yake kwenye picha za wasanii. Kiangazi cha 1950, mwaka mmoja baada ya Vallauris, Hans Namuth, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akimpiga picha mchoraji Jackson Pollock kwenye ghala lake huko Springs, Long Island. Alitumia Rolleiflex, kamera ya kutazamwa kutoka juu, yenye fremu 12 tu kwa mkanda. Ghalani mwanga ulikuwa haba, shata ikabidi iende taratibu, na mkono wa Pollock uliorusha rangi ukawa kivuli kinachopita juu ya turubai. Mhariri mwingine angezitupa zile picha. Jarida la Art News lilizitumia kwenye toleo la Mei 1951, na kwa watu wengi hadi leo Pollock ni ule mkono uliofifia kabla hajawa turubai yoyote.

Jumla Namuth alipiga picha zaidi ya 500. Kisha akataka filamu ya sinema ya rangi, akishirikiana na Paul Falkenberg. Mwanga wa ghalani haukutosha na taa hazikuwepo, wakahamia nje. Namuth akaona bado kitu kinakosekana: uso wa mchoraji na rangi inayodondoka kwa pamoja. Ufumbuzi wake ulikuwa wa kifundi na wa kijanja. Kioo kikubwa kiliinuliwa, yeye akalala chali chini yake na kamera, na Pollock akachora juu ya kioo, huku sisi watazamaji tukigeuka kuwa turubai. Kwa macho ya ufundi ni jibu safi kabisa.

Lakini ilikuwa Novemba, baridi imeshaingia, na sinema inataka kurudia. Anza. Simama. Rudia pale ulipoishia. Siku ya mwisho ya kazi hiyo Pollock aliingia ndani, akamimina pombe baada ya kujizuia kwa miaka kama miwili, na jioni ile akaipindua meza ya chakula mbele ya wageni. Siwezi kuibebesha kamera dhambi yote. Mtu huyo alikuwa na mizigo yake. Ila ukilinganisha na Vallauris utaona tofauti ambayo haimo kwenye lenzi. Mili alimwomba Picasso kitu ambacho hakikuwa kazi yake, mchezo mpya wa dakika chache, na Picasso akanogewa hadi mchezo ukaendelea. Namuth alimwomba Pollock afanye kazi yake mwenyewe, ile ile, kana kwamba ni mara ya kwanza, mara nyingi. Fundi unayemwambia arudie kazi yake unamgeuza mwigizaji wa nafsi yake, na si kila mtu anaweza kurudi kutoka huko.

Kwa hiyo mchana simwambii mfinyanzi arudie. Sina haja. Chungu kimoja kikiisha, kingine kinaanza, na mikono itapita njia zile zile. Nikikosa kunasa ukingo ukikatwa kwenye chungu cha pili nausubiri kwenye cha tatu. Mpiga picha anayesema "shika hivyo hivyo, usisogee" huwa amefika amechelewa na ana gari linamsubiri.

Usiku ndipo nilipotoa habari ya Picasso. Nilimwonyesha mama picha kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akauliza yule mzee alikuwa akifinyanga nini. Nikamweleza. Akasema atajaribu, ila baada ya kula.

Jaribio la kwanza nilimpa tochi ya simu. Mstari ulitoka mnene kama fagio, na mwanga wake ulimmulika uso na kifua muda wote, ukamwacha amesambaa kama maziwa yaliyomwagika. Tochi ya simu hutawanya mwanga. Mchoro unataka nukta. Mjukuu wake alikuwa na kitochi cha kuning'iniza kwenye funguo. Tukakifunika kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa, tukaitoboa kwa sindano. Hapo mstari ukapatikana.

Jaribio la pili, uwanja mzima uligeuka rangi ya machungwa. Nilihangaika na kamera dakika nzima kabla ya kukumbuka mafiga: kaa lililobaki jikoni, hatua 10 nyuma yetu, kwa sekunde 30 lilikuwa limeupaka mwembe rangi. Tukalifunika kwa majivu. La tatu, kanga yake yenye maua meupe ilirudisha mwanga wa kitochi, ikabaki inaelea peke yake kama pazia. Akaingia ndani akatoka na kitenge cheusi. Fokasi nayo nilikuwa nimeipoteza gizani bila kujua. Dawa yake ni kumulika uso kwa tochi, kufokasi, kisha kuhamishia lenzi kwenye fokasi ya mkono isijigeuze yenyewe, na kumwekea mama kijiti ardhini ili vidole vya miguu visikivuke.

Mjukuu alitaka kuandika jina lake. Akaliandika vizuri, na kwenye kioo cha kamera likatoka kinyumenyume, kama linasomwa kwenye maji. Ni lazima iwe hivyo: anayeandika akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Fahali hajali kutazama huku au kule, sahihi inajali. Waweza kuigeuza picha baadaye, lakini ukifanya hivyo kwa picha ya mama, bangili yake inahamia mkono mwingine, na mfinyanzi wa mkono wa kulia anakuwa wa kushoto. Niliiacha kinyumenyume. Mjukuu hakupenda.

Kazi ya flashi nilimpa yeye. Alisimama ubavuni, nyuma ya rundo la vyungu, na kitufe cha kuiwasha kwa mkono. Makubaliano yalikuwa rahisi: nafungua shata, mama anachora, akimaliza anasema "haya", kijana anabonyeza, nafunga. Niliichagua flashi ya mwisho kwa makusudi. Ikiwaka mwanzoni inamkuta mtu akijiandaa, uso umekaza, na pia inampofusha kabla hajaanza. Mwishoni inaukuta mkono ukiwa pale mstari ulipokatikia, kama anaegemea alichokichora.

Nilimwambia achore chochote. Nilitegemea kuku, au ua. Akachora mtungi. Alianzia mdomoni, akashuka shingo, akazungusha tumbo, akapita chini, akapanda upande wa pili hadi pale alipoanzia, sekunde 20 hivi, bila kuona hata chembe ya alichokuwa anakiacha nyuma. Hapo nilielewa kwa nini vitaa vile vilimnogea Picasso. Anayechora hewani hana wa kumwonyesha amefika wapi. Lazima umbo zima liwe limeshakaa mkononi. "Haya," akasema. Flashi ikawaka. Mstari ulikuwa umefunga: mwisho ulipishana na mwanzo kwa upana wa kidole. Na rundo la vyungu alilosimama nyuma yake kijana lilikuwa limeingia pembeni mwa fremu, na mtungi mmoja humo ulikuwa na tumbo lile lile.

Nikamletea kamera nikiwa nimeshaanza kukunja stendi moyoni. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akairudisha mbali.

"Shingo limelegea," akasema. "Hili litavunjika likibebwa. Futa, turudie."

Nikamwonyesha taa nyekundu ya betri.

"Hiyo ni shida yako, mwanangu," akasema, na alikuwa ameshakanyaga nyuma ya kijiti, kitochi mkononi.